Sesheni za muziki kwenye baa za Ayalandi: twende wapi, tukae vipi, na fidla ije?

bisabra_hh

Assalam aleykum wanajukwaa, na wengine habari zenu.

Mwisho wa mwezi wa saba tunakwenda Ayalandi kwa siku nane: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 14. Tunatokea Hamburg, pasipoti zetu ni za Tanzania. Tunachofuata ni muziki, hasa zile baa ambazo wapigaji wanakaa kuzunguka meza na kupiga bila jukwaa wala spika. Kila nikitafuta mtandaoni naletewa Temple Bar, ule mtaa wa baa wa Dublin, na kwenye picha naona umati wa watalii wenye kofia za kijani tu.

Naomba kujua baa zenyewe ni zipi, na muziki unaanza saa ngapi. Mtoto anaruhusiwa kuingia? Sisi hatunywi pombe, je, kuna ubaya kukaa baa usiku mzima na soda? Na la mwisho: mume wangu anapiga fidla kwenye kikundi cha taarab na anatamani aje nayo. Atakaribishwa au ataonekana anaingilia mambo ya watu?

Natanguliza shukrani.

mkaazi_smithfield

Waaleykum salaam dada. Nianze na Temple Bar maana ndiyo inayowapoteza wengi. Muziki pale upo, tena tangu mchana, ila mara nyingi ni mtu mmoja au wawili wenye gitaa na maikrofoni, wanaimba nyimbo ambazo kila mgeni anazijua. Wanalipwa na wanafanya kazi yao vizuri, lakini hiyo si sesheni. Halafu painti ya bia ambayo kwingine mjini Dublin ni yuro 6 au 7, pale inapita 8, na baadhi ya baa hupandisha bei usiku ukishakuwa mkubwa. Pitieni mchana mpige picha, basi.

Sesheni mtaijua kwa macho kabla ya masikio. Tafuteni meza kwenye kona, mara nyingi karibu na dirisha la mbele, viti vimegeuzwa vikatazamana, na nusu ya wapigaji wamewapa wateja migongo. Hakuna maikrofoni wala orodha ya nyimbo. Watu hao wanapigiana wao kwa wao, na nyinyi mmebahatika tu kuwa chumba kimoja nao. Mkilishika hilo, karibu adabu zote nyingine mtaweza kuzikisia wenyewe.

Kwa Dublin mimi ningeweka usiku wa kwanza Cobblestone, iliyopo North King Street, Smithfield. Pandeni tramu ya Luas, mstari mwekundu, mshuke kituo cha Smithfield, kisha mkate uwanja wote kwa miguu hadi ncha ya kaskazini. Meza ya wapigaji iko pale mbele mnapoingia. Chumba cha nyuma ni cha maonyesho ya tiketi, msichanganye hayo mawili: huko nyuma kuna jukwaa na watu wanakaa kimya, huku mbele ndiko kwenye sesheni, na ni bure. Baa hii ilikuwa iponzwe mwaka 2021, wawekezaji walipoomba kibali cha kujenga hoteli mahali hapo. Watu waliandamana barabarani na vyombo vyao, na Novemba mwaka huohuo Halmashauri ya Jiji la Dublin ikakataa kibali. Kwa hiyo msishangae mkikuta wenyeji wanaionea wivu.

Ya pili ni O'Donoghue's, Merrion Row, hatua chache kutoka bustani ya St Stephen's Green. Ndipo kundi la muziki la The Dubliners lilipoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni nyembamba, inajaa upesi, na ukikosa nafasi karibu na mlango wa mbele utaishia kuwasikiliza watu wanaoongea badala ya fidla. Brazen Head wanajitangaza kwa mwaka 1198, ila jengo lililosimama sasa ni la karne ya 18. Nzuri kwa chakula, ila kwa muziki si chaguo langu la kwanza.

Muda: sesheni nyingi za usiku zinaanza saa tatu au saa tatu na nusu. Mkifika saa tatu na nusu mtasimama mpaka mwisho. Fikeni saa mbili, mle kwingine kabla, kwa sababu baa nyingi zenye muziki mzuri hazina jiko au hulifunga mapema. Kwa sheria, kuuza pombe kunakoma saa tano na nusu usiku Jumatatu hadi Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, na saa tano Jumapili. Kisha mna nusu saa ya kumalizia. Taa zikiwashwa zote ghafla, mnaambiwa mwende kwenu.

Msitegemee ratiba za mtandaoni peke yake. Tovuti ya thesession.org ina orodha ya sesheni nchi nzima na inasaidia kuanzia, lakini baa hubadilisha siku, wapigaji husafiri, na tangazo la zamani hubaki halijafutwa. Pigeni simu alasiri ileile, muulize maswali mawili: leo kuna sesheni, na inaanza saa ngapi. Wakiwajibu jina la bendi, mjue ni onyesho.

njeri_wa_galway

Bi Sabra, karibu. Swali la mtoto lisisubiri, maana linaweza kuharibu ratiba nzima.

Sheria ya hapa: aliye chini ya miaka 15 anaingia baa akiwa na mzazi au mlezi tu, na wote walio chini ya miaka 18 wanapaswa kuwa wametoka ifikapo saa tatu usiku. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa muda huo unasogezwa hadi saa nne. Mtakuja mwezi wa saba, kwa hiyo mna hadi saa nne. Hiyo ndiyo sheria. Mwenye baa ana haki ya kuwa mkali zaidi, na wengine mjini Dublin hawapokei mtoto jioni kabisa. Mhudumu atakuja kuwaambia kwa upole sana, "samahani, binti huyu...", na mkibishana anayehatarisha leseni ni yeye. Inukeni tu.

Hesabu yake sasa. Sesheni inaanza saa tatu na nusu, nyinyi mnatoka saa nne. Nusu saa! Ndiyo maana nasema msiweke siku zote Dublin. Njooni magharibi, ambako kuna sesheni za mapema. Galway mjini kuna Tigh Cóilí, penye njia panda ya Mainguard Street na Shop Street, ambapo kwa kawaida kuna sesheni ya jioni mapema na nyingine ya usiku. Ile ya jioni ndiyo yenu. Crane Bar iko ng'ambo ya mto, Sea Road: chini ni sesheni, ghorofani ni maonyesho ya tiketi. Jumapili alasiri pia ni wakati mzuri kote nchini, wapigaji wamelala vya kutosha na watalii wengi wako njiani kurudi Dublin.

Basi la Dublin hadi Galway ni kama saa mbili na nusu, treni kutoka kituo cha Heuston vilevile. Kutoka Galway kuna basi namba 350 la Bus Éireann linalopita Doolin, kijiji kidogo cha kaunti ya Clare ambacho jina lake kila mpenzi wa muziki huu analijua kwa ajili ya ndugu wa familia ya Russell, hasa Micho aliyepiga filimbi ya bati. Gus O'Connor's ndiyo iliyo karibu na bahari, ya mwaka 1832. McGann's na McDermott's ziko upande wa juu wa kijiji, na kutoka O'Connor's ni mwendo wa kutosha kwa miguu, barabara haina taa na magari hayapungui mwendo. Bebeni tochi. Mwezi wa saba Doolin inafurika, vyumba vikamateni mapema au mlale Ennis.

Na Ennis yenyewe msiidharau. Ni mji wa kawaida wenye maduka na stesheni ya treni, hauna mandhari ya kadi za posta, na kwa sababu hiyohiyo muziki wake unapigwa na watu wanaoishi hapo mwaka mzima. Ningekuwa na siku nane ningegawa hivi: Dublin mbili, Galway tatu, Clare tatu.

Kama mnaweza kuvuta tarehe nyuma, mapema mwezi wa saba kuna Willie Clancy, shule ya kiangazi inayofanyika Miltown Malbay, Clare, tangu 1973. Asubuhi madarasa, mchana na usiku kila baa mjini ina sesheni, hata jikoni. Watoto wa umri wa binti yenu wamejaa.

kaunta_ya_mwaloni

Nimejibu la vinywaji tu, wenzangu wameshamaliza mengine.

Dada, hakuna ubaya wowote. Tangu zamani Ayalandi ina watu walioapa kutokunywa maisha yao yote, na wanakwenda baa kama wengine. Agiza maji ya mapovu yenye sharubati ya karanti nyeusi, soda ya machungwa, au "limonadi nyekundu" ambayo ni soda ya hapohapo. Chai hupatikana baa nyingi mchana; usiku kaunta ikijaa usiiombe, mhudumu atakubali usoni na kukulaani moyoni. Bia zinazoitwa sifuri zipo kila mahali, na Guinness wana yao, lakini "sifuri" kisheria ni kiwango kidogo mno cha alkoholi wala si kutokuwepo kabisa. Kwa anayezingatia uharamu, soda ni salama zaidi. Chakula: mkate wa kuchoma wa jibini mara nyingi huja na nyama ya nguruwe ndani isipokuwa umesema usiwekewe.

Kinachokera ni kukaa kwa muda wa saa nne kwenye meza nzuri na glasi moja. Baa hailipishi kiingilio. Wale wawili watatu wanaoongoza sesheni wanalipwa na baa kutokana na mauzo ya kaunta. Soda moja kila saa kwa kila mtu ni heshima ya kutosha.

Unaagiza mwenyewe kaunta na kulipa hapohapo. Hakuna foleni ya mstari, ila mhudumu anakumbuka nani alifika kabla ya nani. Simama panapoonekana, mtazame, ngoja. Kupunga noti au kuita kwa sauti kunakurudisha nyuma. Bahashishi kaunta si desturi.

Kama mna wenzenu wanaokunywa, jihadharini na raundi. Mtu akikununulia kinywaji umeingia kwenye zamu, na zamu yako ikifika unanunulia wote. Asiyetaka aseme mwanzo kabisa, kabla hajapokea hata kimoja: "mimi najinunulia". Hakuna atakayeuliza kwa nini. Kupokea viwili kisha kutoweka kwenda msalani zamu yako inapokaribia, hilo litakumbukwa.

Na kwa wasomaji wengine wanaokunywa: Guinness ya bomba ya hapa si ile ya chupa mliyoizoea Nairobi na Dar. Ile ni kali na nzito. Hii ni asilimia 4 na kidogo, laini, imesukumwa kwa mchanganyiko wenye naitrojeni nyingi. Inajazwa mara mbili. Glasi inalazwa nyuzi 45, inajazwa kama robo tatu, inaachwa itulie hadi mawimbi ya kahawia yageuke meusi, ndipo inamaliziwa ikiwa wima. Kampuni yenyewe inataja sekunde 119.5. Usiichukue glasi iliyokaa kaunta haijajaa, haijasahauliwa. Na ukiagiza vinywaji vya watu wengi, itaje Guinness ya kwanza, la sivyo wote watangoja dakika mbili kwa ajili yako.

Kuvuta sigara ndani kumepigwa marufuku tangu tarehe 29 Machi 2004. Ukikuta glasi imefunikwa kwa kile kikaratasi kigumu cha kuwekea bia, kiti kina mwenyewe, yuko nje anavuta.

fundi_wa_nyuzi

Suala la fidla linahitaji maneno mengi kidogo, shemeji avumilie.

Kwanza aelewe kinachopigwa. Nyingi ni lahani za ngoma za kuchezea dansi: rili (4/4), jigi (6/8), jigi za kuteleza (9/8), hornpaipu, na kule mpakani mwa Kerry na Cork polka nyingi. Lahani ya kawaida ina sehemu mbili, kila moja mizani 8, na kila sehemu inarudiwa. Jumla mizani 32. Mzunguko wa rili haumalizi hata dakika. Wanaupiga mara tatu hivi, kisha bila kusimama wanarukia lahani nyingine, na nyingine tena. Mfululizo huo wa lahani mbili hadi nne ndio unaoitwa seti. Seti ikiisha, watu wanapiga makofi, glasi zinanyanyuliwa na mazungumzo yanaanza. Dakika kumi za porojo ni sehemu ya sesheni, msidhani wamemaliza mkaondoka.

Masikio ya pwani hayatapata tabu na jigi. Mapigo yake sita ndiyo yaleyale ya chakacha, isipokuwa hakuna ngoma tatu zinazokatizana chini yake. Mdundo wote unabebwa na upinde wa fidla na pumzi ya filimbi.

Fidla ni mfalme pale, kwa hiyo hataonekana mgeni. Wengine mezani ni filimbi ya bati, filimbi ya mbao ya kulaza, konsatina (kama akodiani ndogo ya mkononi), akodiani ya vifungo, banjo ya nyuzi nne, na mkibahatika uilleann pipes, zumari za mfuko zinazojazwa upepo kwa mvukuto chini ya kiwiko, siyo kwa mdomo. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2017. Mpigaji wake akikaa, wengine wanasubiri azitie sauti, maana mianzi yake inakasirishwa na joto la chumba. Gitaa au bouzouki (chombo cha nyuzi cha shingo ndefu) ni moja tu kwa wakati, na bodhrán, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi ya jamii ya dufu inayopigwa kwa kijiti, vilevile moja. Gitaa mbili zikichagua kodi (chords) tofauti chini ya lahani moja, meza inaharibika, na ngoma mbili zinazopishana nusu pigo ni balaa.

Sasa maandalizi. Kama fidla yake ameitia sauti kwa mtindo wa Kiarabu, G-D-G-D, airudishe G-D-A-E kabla ya kutoka Hamburg. Asingoje mpaka mezani, kwani nyuzi zilizopandishwa upya zinashuka siku mbili tatu. Lahani nyingi ziko D, G, A na E ndogo, B ndogo (yaani minor). Kidole cha kwanza hadi cha tatu, nafasi ya kwanza tu; asiyeshuka chini ya shingo hakosi kitu. Atakachotakiwa kukiacha ni mtetemo wa kidole na zile teleza ndefu za taarab. Huku noti inashikwa kavu, na mapambo yake ni kugonga kidole haraka juu na chini ya noti. Asipoweza mapambo, aache. Noti safi yenye mdundo inakubalika kuliko pambo linalochelewesha.

Ajifunze lahani sita kwa sikio, mbilimbili katika seti tatu, azijue hata akiamshwa usingizini. Karatasi ya noti mezani haikatazwi popote kwa maandishi, lakini itamtenga papo hapo.

Siku yenyewe, utaratibu ni huu. Aingie na fidla ndani ya mfuko wake, aiweke chini ya kiti, akae safu ya pili, nje ya duara. Vile viti vitupu mezani vina wenyewe wanaochelewa. Asikae hata kama jirani hajasema kitu. Asikilize seti mbili tatu. Akisikia kasi imemzidi, usiku huo abaki msikilizaji tu, hakuna aibu. Akiona anaiweza, angoje mapumziko amwendee anayeanzisha lahani nyingi (huyo ndiye kiongozi, hana kibao), aulize kama anaweza kujiunga. Mara nyingi jibu ni kumsogezea kiti. Likija jibu la kuzungukazunguka, "leo tumebanana kidogo", hilo ni hapana.

Akishaketi: lahani asiyoijua haigusi. Kosa linalowakera wapigaji kuliko yote ni mgeni anayetafutatafuta noti kwa sauti wakati wengine wanapiga. Asichezee nyuzi kati ya seti. Asianzishe kitu mpaka aambiwe "haya, tupe moja". Hapo aanzishe lahani inayojulikana, kwa kasi anayoiweza yeye, kwa sababu anayeanzisha ndiye mwenye kasi na wengine watamfuata.

Huenda wakamwomba cha kwao badala ya hicho. Huo ni mwaliko wa kweli na ni heshima. Achague kitu cha dakika tatu kisichohitaji mwitikio. Akipiga maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Bayati au Rasti, apige peke yake, maana zile robo za sauti na gitaa la hapa haziketi pamoja. Ajue pia mwenye gitaa atajaribu kumsindikiza kwa ukarimu. Akichagua Nahawandi, gitaa litapata pa kushika.

bisabra_hh

Jamani, ahsanteni sana. Hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Maswali matatu yamezaliwa:

Kurekodi kwa simu kunaruhusiwa? Tukipendezwa tunaweza kuwatunza wapigaji, kama tunavyofanya kwenye taarab? Na mtu akitaka kusikia lahani fulani, anaombaje?

fundi_wa_nyuzi

Kutunza, hapana dada. Ukimwekea mpigaji noti mezani, sembuse pajini pa uso, meza nzima itanyamaza kwa haya. Kama unataka kushukuru, nenda kaunta, muulize mhudumu wapigaji wanakunywa nini, ulipie kwa mmoja au wawili, apeleke yeye. Wengi wao wanakunywa maji au chai kwa sababu wataendesha gari.

Kuomba lahani pia si kawaida. Unaweza kumsifia mtu wakati wa mapumziko na kumuuliza jina la ile aliyoianza. Kwa hilo watafurahi, ingawa nusu ya wakati watakujibu kuwa hawalijui. Nyimbo za redioni usiziulize kabisa.

Kurekodi sauti ili mumeo ajifunze ni jambo linalofanyika kila siku, mradi aombe kwanza na simu ibaki upande wake. Video ndefu huku taa ya simu inawamulika usoni, hapana.

Makofi ni mwisho wa seti tu. Kupigapiga makofi kufuata mdundo kunaonekana ni kuwachangamsha, lakini chumba chenye watu themanini hakipigi pamoja. Kinavuta mbele, na mwenye konsatina aliye mita mbili kutoka kwa fidla hasikii tena mwenzake.

Kuna jambo moja hamjaliuliza. Katikati ya kelele mtu anaweza kusema "ciúnas", yaani kimya, au mkasikia "shhh" ikizunguka chumba. Hapo mtu anataka kuimba bila chombo, kwa Kiayalandi au Kiingereza. Simameni pale mlipo. Msiende kaunta wala msalani, glasi zisigongane. Hata mhudumu huacha kumimina. Wimbo unaweza kuwa na beti kumi na mwimbaji amefumba macho. Wanaokaa karibu huweza kusema neno moja la kumtia moyo mwisho wa ubeti, wageni wanyamaze tu.

mkaazi_smithfield

Nyongeza ya viza, maana naona hakuna aliyegusa na nyinyi mnatokea Hamburg. Ayalandi haimo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Kibali chenu cha kuishi Ujerumani hakiwaingizi, na pasipoti ya Tanzania inahitaji viza ya Ayalandi yenyewe. Viza ya Uingereza nayo haisaidii kwa pasipoti zetu. Anzeni sasa, msingoje mwezi wa sita.

Na mkishawishiwa kwenda Belfast kwa siku moja, kwa mfano kusikiliza sesheni Kelly's Cellars, kumbukeni ile ni Uingereza: mnahitaji viza ya kule, na ya Ayalandi iwe ya kuingia mara nyingi. Barabarani hakuna kizuizi cha mpaka, basi linapita tu, na hapo ndipo watu wanapokosea. Maofisa wa uhamiaji husimamisha mabasi wakati wa kurudi na kuuliza pasipoti.

njeri_wa_galway

Bi Sabra, kama binti hana chombo, mnunulieni walau filimbi ya bati ya D ya yuro 10 hadi 15 mkifika. Iwe ya D, hizo za C hazitaingia kwenye lahani za mezani. Kuna sesheni za polepole za wanaojifunza, nyingine huandaliwa na matawi ya Comhaltas, chama cha wanamuziki wa asili kilichoanzishwa 1951, na mtoto wa miaka 14 pale ni mwenyeji. Ulizeni duka la vyombo vya muziki mjini, watajua ipo siku gani na chumba gani. Nyingi zinafanyika jioni mapema, hivyo ile saa nne haitawahangaisha.